Tarehe 25 Novemba katika Kalenda Mbili: Ngomano, Abercorn na Njaa ya Mtunya Ugogoni, 1916–1920

Ikisiri

Makala haya yanachunguza matukio mawili ya kijeshi yaliyotokea katika tarehe moja ya kalenda, yaani tarehe 25 Novemba, mwaka 1917 na mwaka 1918. La kwanza ni pigano la Ngomano katika mto Ruvuma, na la pili ni kusalimisha silaha kwa jeshi la Wajerumani huko Abercorn. Matukio haya yamezoeleka kusimuliwa kama mwanzo na mwisho wa mwaka wa mwisho wa Vita Kuu ya Kwanza katika Afrika Mashariki. Makala yanadai kwamba, yanapotazamwa kutoka uwanda wa kati wa Tanzania, matukio hayo yanapata maana nyingine. Mwaka uliopo baina ya tarehe hizo mbili ulikuwa, kwa watu wa Ugogo, sehemu ya njaa ya Mtunya, iliyoua takriban watu 30,000 kati ya wakazi 150,000. Hoja ya msingi ni kwamba uchaguzi wa kalenda ni uchaguzi wa wahusika wa historia.

Utangulizi

Historia ya kijeshi hupenda tarehe. Majeshi huandika amri, taarifa za mapigano na hati za kusalimu amri kwa kutaja siku, na mara nyingine saa. Kwa sababu hiyo imekuwa kawaida ya waandishi kukusanya pamoja matukio ya miaka mbalimbali yaliyoangukia siku moja, kisha kuyapanga kana kwamba siku yenyewe ina jambo la kusema. Mkusanyiko wa namna hiyo una faida ya kumbukumbu, lakini kitaaluma una kasoro. Siku kwa yenyewe haisababishi chochote, na matukio mawili hayawi na uhusiano kwa sababu tu ya kuandikwa katika ukurasa mmoja wa kalenda.

Hata hivyo, tarehe 25 Novemba katika historia ya Tanzania inastahili kuangaliwa kwa makini zaidi. Jumapili ya tarehe 25 Novemba 1917, jeshi la Wajerumani chini ya Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck liliuvuka mto Ruvuma na kuiteka kambi ya Wareno huko Ngomano. Jumatatu ya tarehe 25 Novemba 1918, mwaka mmoja kamili baadaye, masalia ya jeshi hilohilo yaliweka silaha chini huko Abercorn, mji unaoitwa Mbala hivi sasa, nchini Zambia. Kamanda alikuwa yuleyule na vita ilikuwa ileile. Kinachohitaji kuulizwa ni jambo ambalo tarehe hizi zimeliacha nje. Makala haya yanaliuliza kutoka Ugogo, nchi ambayo mwezi Novemba 1917 vita ilikuwa imekwisha kuipita kwa zaidi ya mwaka mmoja, lakini haikuwa imekwisha.

Ngomano, 25 Novemba 1917

Kufikia Novemba 1917 jeshi la Wajerumani lilikuwa limesukumwa hadi pembe ya kusini mashariki ya koloni. Pigano la Mahiwa la tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917 liliwagharimu Waingereza idadi kubwa ya askari, lakini Wajerumani nao walibaki na upungufu mkubwa wa risasi, dawa na chakula. Huko Nambindinga, katikati ya Novemba, von Lettow-Vorbeck aliamua kulipunguza jeshi lake. Wagonjwa, majeruhi na wale walioonekana kutomudu safari ndefu waliachwa nyuma waangukie mikononi mwa Waingereza. Waliobaki, takriban Wazungu 300 na askari 1,700 pamoja na maelfu ya wapagazi, walielekea Ruvuma.

Wareno waliokuwa Ngomano, wapatao 900, waliongozwa na Meja João Teixeira Pinto. Wajerumani walivuka mto kwa miguu na kuwashambulia. Teixeira Pinto aliuawa, wengi wa askari wake walitekwa, na Wajerumani wakapata bunduki na risasi nyingi kiasi cha kuweza kuendelea na vita. Katika maandishi ya kijeshi, siku hii ndiyo iliyoirefusha vita kwa mwaka mzima. Bila ghala la Ngomano, safari ya kupitia Msumbiji ingekuwa ngumu mno kufikirika.

Jambo moja katika tukio hili halina budi kusisitizwa kwa ajili ya hoja inayofuata. Ngomano ilikuwa pigano la kutafuta mahitaji. Jeshi lisilo na bandari wala reli lilikuwa linaishi kwa kile lililokikuta njiani, kiwe ni cha adui au cha mkulima. Yaliyofanyika Ruvuma kwa ghala la Wareno yalikuwa yamefanyika kabla, kwa utaratibu tofauti, kwa maghala na mazizi ya uwanda wa kati.

Abercorn, 25 Novemba 1918

Baada ya kuzunguka Msumbiji kwa miezi kumi, jeshi hilo lilirejea katika ardhi ya koloni mwishoni mwa Septemba 1918, kisha likaingia Rhodesia ya Kaskazini mwanzoni mwa Novemba. Lilikuwa limekwisha kuiteka Kasama wakati habari za kusitishwa kwa mapigano huko Ulaya zilipomfikia kamanda wake karibu na mto Chambeshi, siku chache baada ya tarehe 11 Novemba. Siku ya tarehe 25 Novemba 1918 jeshi lilijipanga mbele ya Brigedia Jenerali W. F. S. Edwards huko Abercorn na kusalimisha silaha. Walikuwapo Wazungu 155 na askari zaidi ya 1,100, pamoja na wapagazi, wanawake na watoto waliokuwa wameandamana na msafara.

Kutoka Abercorn walipelekwa hadi ziwa Tanganyika, wakavushwa kwa meli mpaka Kigoma, na kutoka hapo wakapanda treni ya Reli ya Kati. Askari walibakizwa Tabora. Wajerumani waliendelea hadi Dar es Salaam, walikofika tarehe 8 Desemba 1918. Mwezi Machi 1919 von Lettow-Vorbeck na maofisa wake waliandamana jijini Berlin na kupokewa kama mashujaa, na mwaka 1920 alichapisha kumbukumbu zake za vita.

Reli ya Kati haina njia ya kutoka Tabora kwenda Dar es Salaam isipokuwa kupitia Dodoma. Kwa hiyo, katika siku za mwanzo za Desemba 1918, treni iliyowabeba washindwa hao ilikatiza Ugogo kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Nchi waliyoiona madirishani ilikuwa katika njaa ambayo vita yao ilikuwa imechangia kuisababisha.

Vita katika uwanda wa kati, 1916

Ili kuielewa njaa hiyo, ni lazima kurejea mwaka 1916. Mwezi Aprili mwaka huo kikosi cha Afrika Kusini chini ya Jenerali Jaap van Deventer, chenye askari wengi wa farasi, kilishuka kutoka kaskazini na kuiteka Kondoa Irangi. Masika yalikuwa yamepamba moto. Barabara zilizama, farasi walikufa kwa maradhi, na kikosi kikakatika na kambi zake za nyuma. Von Lettow-Vorbeck alihamishia sehemu kubwa ya jeshi lake mbele ya Kondoa, na usiku wa tarehe 9 Mei alifanya shambulio lililoshindwa. Baada ya hapo majeshi mawili yalikaa yakitazamana kwa majuma mengi, kila upande ukila nafaka na nyama ya nchi iliyoizunguka.

Mwishoni mwa Juni Wajerumani walianza kuondoka. Van Deventer alisonga kusini, na tarehe 29 Julai 1916 Dodoma ikaangukia mikononi mwake. Kilimatinde ilichukuliwa katika siku hizohizo, na Mpwapwa ikafuata mwezi Agosti. Kwa mtazamo wa kijeshi, hatua hii iliivunja Reli ya Kati kama uti wa mgongo wa ulinzi wa Wajerumani, na inatajwa kama mafanikio ya haraka yaliyopatikana bila vifo vingi.

Kwa mkulima wa Ugogo, tarehe hizo zina maana nyingine kabisa. Uwanda wa kati una msimu mmoja tu wa mvua. Mashamba husafishwa kuanzia Septemba, mbegu za uwele na mtama hupandwa mvua zinapoanza mwishoni mwa Novemba au mwezi Desemba, palizi hufanyika Januari na Februari, na mavuno huingia ghalani kati ya Mei na Julai. Chakula cha mavuno hayo ndicho cha mwaka mzima, na hakuna vuli ya kufidia upungufu kama ilivyo katika maeneo mengine ya nchi. Majeshi yalikutana Kondoa wakati wa kuvuna na yakapita Dodoma wakati maghala yamejaa. Wajerumani walichukua walipokuwa wanarudi nyuma ili wasimwachie adui kitu. Waingereza nao walichukua walipoingia ili kulisha jeshi lililokuwa limeiacha mbali njia yake ya ugavi. Mavuno ya mwaka mmoja yalidaiwa na serikali mbili.

Kutoka hongo hadi amri

Huenda ikadaiwa kwamba Ugogo ni nchi kame na kwamba njaa ni sehemu ya maumbile yake. Dai hili lina ukweli, lakini si ukweli wote. Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita Ugogo. Wasafiri wa Kizungu wa zama hizo, akiwemo Richard Burton na Henry Morton Stanley, walilalamika sana kuhusu hongo waliyotozwa na watemi wa Wagogo. Malalamiko hayo yenyewe ni ushahidi. Misafara ya mamia ya watu ilitegemea maji, nafaka na mifugo ya Ugogo, na ilivipata kwa kulipia nguo, shanga na waya. Nchi hiyohiyo kame ilikuwa na ziada ya kuuza, na ilikuwa na uwezo wa kukataa kuuza.

Njia ya Wagogo ya kukabiliana na ukame ilijengwa juu ya nguzo tatu. Ya kwanza ni ghala la nafaka. Ya pili ni ng'ombe, ambao waligawanywa kwa ndugu na marafiki katika mazizi mbalimbali ili hasara ya mahali pamoja isimalize mali yote, na ambao waliweza kubadilishwa kwa nafaka katika nchi jirani. Ya tatu ni nguvu za watu: mikono ya kulima shamba kubwa mvua zinapokubali, na miguu ya kwenda kutafuta chakula zinapokataa. Ukame wa kawaida ulitikisa nguzo ya kwanza. Vita ilizibomoa zote tatu kwa mpigo, kwa kuwa majeshi yalitaka vitu vitatu hivyohivyo: nafaka, ng'ombe na watu.

Hitaji la watu ndilo lililoendelea muda mrefu zaidi. Baada ya mapigano kuhamia kusini, Dodoma iligeuka kuwa kituo cha nyuma cha jeshi. Kutoka hapo mizigo ilipelekwa Iringa kupitia Ruaha Mkuu, na mvua zilipoharibu njia za magari mzigo ulihamia kichwani. Mapema mwaka 1917 Waingereza walianzisha uandikishaji wa lazima wa wapagazi kwa kiwango kikubwa katika maeneo yote waliyoyatawala. Kikosi cha wapagazi, ambacho jina lake la Kiingereza lilizaa jina la Kariakoo, kilipoteza watu wengi zaidi kwa kuhara, homa ya mapafu na lishe mbovu kuliko wale waliokufa kwa risasi. Kwa hesabu za chini, wapagazi waliofia upande wa Waingereza katika vita nzima walikuwa karibu 100,000. Kijana aliyechukuliwa Ugogo mwezi Februari aliliacha shamba wakati wa palizi. Aliyechukuliwa Novemba aliliacha kabla ya kupanda.

Mtunya, 1917–1920

Mvua zilipopungua, hapakuwa na akiba. Njaa iliyofuata ilidumu kutoka mwaka 1917 hadi 1920. Wagogo waliiita Mtunya, neno ambalo mwanahistoria Gregory Maddox, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1990, amelifasiri kwa maana ya kugombania. Kwa mujibu wa utafiti huo, watu 30,000 walikufa kati ya wakazi 150,000 wa eneo hilo, yaani mmoja katika kila watano. John Iliffe naye, katika historia yake ya Tanganyika, ameitaja njaa ya Dodoma miongoni mwa madhara makubwa ya vita kwa raia. Katika kipindi hichohicho homa ya mafua iliyoenea duniani mwaka 1918 iliingia Afrika Mashariki. Iliwakuta askari na wapagazi wa von Lettow-Vorbeck wakiwa safarini, na iliwakuta wanavijiji wakiwa na miili iliyodhoofishwa na njaa.

Jina Mtunya linastahili kuzingatiwa kama ushahidi wa kihistoria. Halitaji jua wala mvua. Linataja kitendo cha watu, hali ambayo kila mmoja anagombania kilichopo, na ushirikiano uliokuwa msingi wa maisha unashindwa kufanya kazi. Jamii iliyokuwa ikiweka ng'ombe wake katika mazizi ya wenzake ilifika mahali ambapo mwenzake hakuwa na zizi. Maddox anaonyesha pia kwamba Mtunya ilibadilisha nafasi ya Ugogo katika uchumi wa kikoloni. Watu waliokuwa na uwezo wa kujitegemea pale wasipodaiwa kodi na nguvu kazi, walilazimika kutafuta ajira ya ujira ili kupata chakula. Hivyo njaa haikuishia kwenye vifo. Ilifungua njia ya utegemezi uliodumu kwa miongo iliyofuata.

Tarehe 25 Novemba inaporejeshwa katika mazingira haya, inabadilika sura. Ni wakati ambao ghala huwa limekaribia kwisha na jembe huwa linasubiri mvua. Tarehe 25 Novemba 1917, wakati jeshi lilipokuwa linagawana risasi za Wareno, kaya za Ugogo zilihitaji vijana wao shambani na mbegu zao kiasi ghalani. Tarehe 25 Novemba 1918, bunduki zilipowekwa chini Abercorn, msimu mwingine wa kupanda ulikuwa unaingia katika nchi iliyokuwa na njaa tayari. Amani iliyotangazwa siku hiyo haikuweza kuliwa. Msimu huo usingeweza kuleta mavuno kabla ya Mei 1919, na njaa iliendelea hadi mwaka 1920.

Mjadala: kalenda na wahusika

Zipo kalenda mbili katika simulizi hili. Kalenda ya kwanza ni ya majeshi. Inapima muda kwa siku, inataja majina ya makamanda, na ina mwanzo na mwisho ulio dhahiri. Kalenda ya pili ni ya misimu na ya majina ya njaa. Wazee wa Ugogo walikuwa wakikadiria umri na matukio kwa kurejelea njaa zilizojulikana kwa majina, na kazi za wenyeji kama ile ya Mathias Mnyampala kuhusu historia, mila na desturi za Wagogo zimesaidia kuhifadhi namna hiyo ya kukumbuka. Kalenda hii haina tarehe 25 Novemba. Ina Mtunya.

Ingekuwa kosa kudai kwamba moja ya kalenda hizi ni ya kweli na nyingine ni ya uongo. Bila kalenda ya majeshi isingewezekana kujua kwamba Dodoma ilitekwa mara baada ya mavuno, wala kwamba treni ya Wajerumani ilipita Ugogo mapema Desemba. Bila kalenda ya misimu, tarehe hizo zingebaki bila uzito. Uhusiano wa sababu na matokeo unaonekana pale tu kalenda hizo mbili zinapowekwa sambamba: 29 Julai na ghala lililojaa, Februari na palizi, 25 Novemba na mbegu.

Pingamizi moja linaweza kutolewa. Pengine si haki kumlaumu mwanahistoria wa kijeshi kwa kutoandika juu ya njaa, kwa kuwa hilo si somo lake. Jibu ni kwamba katika vita hii ugavi ulikuwa ndio vita yenyewe. Ngomano inasifiwa kama ushindi kwa sababu jeshi lilipata mahitaji. Haiwezekani kuhesabu mahitaji yaliyotekwa kwa adui kuwa tukio la kijeshi, kisha kuyahesabu mahitaji yaliyochukuliwa kwa mkulima kuwa jambo la hali ya hewa.

Suala hili lina uzito hata leo. Kila tarehe 25 Julai Tanzania huadhimisha Siku ya Mashujaa, na Dodoma, makao makuu ya nchi, imekuwa mwenyeji wa maadhimisho hayo. Jijini Dar es Salaam sanamu ya askari, iliyozinduliwa mwaka 1927, inaendelea kusimama kwa kumbukumbu ya Waafrika waliopigana katika Vita Kuu ya Kwanza. Mtu aliyekufa kwa njaa katika tembe lake huko Ugogo mwaka 1918 hakushika bunduki, na hakuna siku moja inayoweza kutajwa kuwa ndiyo siku ya kifo cha wale 30,000. Kutokuwa na tarehe ndiko kulikowatoa katika historia ya vita.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kuangukia siku moja kwa Ngomano na Abercorn ni sadfa, na kwamba sadfa hiyo kwa peke yake haina thamani ya maelezo. Thamani yake inatokana na mwaka ambao inaufunga. Ndani ya mwaka huo, katika nchi ambayo haikuwa tena uwanja wa mapigano, watu walikufa kwa sababu ya nafaka, ng'ombe na vijana waliochukuliwa tangu 1916. Idadi yao inaizidi mara nyingi idadi ya wote waliosimama upande wa Wajerumani huko Abercorn.

Kutokana na hoja hiyo, watafiti wa historia ya kijeshi ya Afrika Mashariki wanashauriwa kuyasoma matukio ya vita pamoja na msimu wa kilimo wa mahali husika, na kuyachukulia majina ya njaa yaliyohifadhiwa katika lugha za wenyeji kama vyanzo vya historia ya vita. Kwa Ugogo, kazi hiyo ianze na kupanua mipaka ya muda. Vita Kuu ya Kwanza katika uwanda wa kati haikukoma tarehe 25 Novemba 1918. Ilikoma watu walipovuna tena chakula cha kutosha, nao wakabaki nacho.